Mfuko wa Urea au Mche wa Desmodiumu? Mawazo Yetu Juu ya Malisho ya Shule



Katika namba hii sisi wanafunzi wa ufundi wa kilimo tunaomba nafasi kidogo. Tunataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wanalizungumza pembeni, kwenye kisima na mbele ya jiko la interna, lakini hakuna aliyeliandika bado: malisho ya ng'ombe wa shule.

Kila mtu anaona kwa macho yake. Zile hektari tatu kutoka nyuma ya atelie mpaka mtoni zimekuwa za manjano. Majani ni mafupi, ng'ombe wanatembea mchana kutwa na jioni wanarudi na mbavu nje. Maziwa ambayo wadogo zetu wa darasa la kwanza walikuwa wanapata, na wagonjwa pia, yamepunguka. Basi katika mkutano wa wazazi lilitoka wazo hili: kila mwanafunzi aongeze franka kidogo juu ya malipo ya shule, ili zinunuliwe mifuko ya urea, imwagwe katika malisho, majani ipate kuwa kijani.

Wazo hili halitoki katika ubaya. Wazee waliolileta wanaipenda shule. Lakini sisi tunafikiri kwamba dawa hii ni ya gharama, tena ni ya muda mfupi, na kwamba dawa nyingine iko karibu nasi. Dawa hiyo ni kuchanganya katika majani ya malisho mimea ya ukoo wa maharagi, ile mwalimu anaita leguminezi. Tunasema kwa heshima, lakini tunasema wazi.

1. Majani yetu ina njaa ya nini?

Mbele ya kutoa dawa, mganga anauliza ugonjwa. Angalieni jani moja la malisho. Manjano inaanza kwa majani ya zamani, yale ya chini, kisha inapanda. Tulifundishwa darasani kwamba hiyo ndiyo alama ya njaa ya azoti. Mmea unanyang'anya azoti katika majani yake ya kale ili ulishe machipukizi mapya.

Na azoti hiyo ilikwenda wapi? Jibu liko katika kazi yetu wenyewe ya kila asubuhi. Ng'ombe wanakula malishoni mchana, lakini usiku wanalala zizini. Asubuhi tunakusanya samadi, tunaipakia katika toroli, tunaipeleka kwenye mashu na vitunguu. Bustani inafurahi. Lakini malisho imetoa na haikurudishiwa kitu. Mwaka baada ya mwaka tumekuwa tunalisha bustani kwa mkono wa malisho, kisha tunashangaa malisho inakonda! Ongezeni maziwa yanayokamuliwa, ongezeni ndama wanaouzwa: vyote hivyo ni azoti inayotoka kwa mlango na hairudi.

Njaa hii haikai kwa majani tu, inaingia katika tumbo la ng'ombe. Tumbo la ng'ombe lina vidudu vidogo sana vinavyosaidia kusaga majani, na vidudu hivyo vinaomba proteini. Proteini ya majani ikishuka chini ya sehemu 7 kwa 100, kazi yao inalegea. Chakula kinakaa tumboni siku nyingi, ng'ombe anakula kidogo hata kama majani iko mbele yake. Ndiyo sababu wakati wa kiangazi tunaona ng'ombe mwenye tumbo kubwa na mgongo wa mifupa. Watu wanasema, "Anakula, lakini haishibaki." Ni kweli. Majani makavu ya namna hiyo ni sawa kumpa mtu maganda ya muhogo.

Leguminezi, hata ikianza kuzeeka, inabaki na proteini nyingi kuliko majani ya kawaida. Mara nyingi majani yake yana sehemu 15 mpaka 20 kwa 100, hata zaidi. Ng'ombe anayeokota kidogo tu ya ile kati ya majani magumu anawapa wale vidudu wa tumbo nguvu, na yale majani magumu nayo yanasagwa vizuri zaidi.

2. Azoti iko juu ya vichwa vyetu

Hewa tunayovuta ni azoti sehemu 78 kwa 100. Juu ya malisho yetu iko azoti tani na tani, bure. Shida ni kwamba majani hayawezi kuichukua ilivyo katika hewa. Inaomba kwanza kufungwa.

Watu wa viwanda waliifunga kwa moto na nguvu. Katika Ujerumani, Fritz Haber alionyesha njia mwaka 1909, Carl Bosch akaikuza kuwa kazi ya kiwanda, na kiwanda cha Oppau kilianza mwaka 1913. Ndiyo njia inayotoa urea mpaka leo, na inaomba joto kali, mgandamizo mkubwa, na gesi nyingi ya ardhini. Kwa hiyo bei ya mbolea inafuata bei ya gesi na petroli. Ilipanda sana baada ya mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 2021 na 2022. Mtu wa milimani Kivu, ambaye hajaona hata kisima kimoja cha gesi hiyo, analipa vita na magomvi ya mbali. Kisha analipa tena lori, bandari, mipaka, na barabara mbaya.

Maharagi yanafunga azoti bila kelele. Mwaka 1888, katika Ujerumani pia, Hellriegel na Wilfarth walieleza kwamba mimea ya ukoo huu inapata azoti ya hewa kwa msaada wa vidudu vinavyokaa katika vifundo vya mizizi. Mwaka ule ule Beijerinck, mtu wa Uholanzi, aliweza kuvitenga vidudu hivyo. Vinaitwa Rhizobium. Mmea unavipa sukari na nyumba, navyo vinaupa azoti. Ni mapatano ya jirani na jirani.

Msituamini kwa maneno. Nendeni katika bustani, ng'oeni polepole mche mmoja wa maharagi wenye kuanza maua, osheni mizizi, mtaona vile vifundo. Kipasueni kimoja kwa ukucha. Kama ndani ni chekundu kidogo sawa nyama, kiwanda kinafanya kazi. Kama ni cheupe au kijani, hakifanyi kazi, au kimekwisha kuchoka.

3. Tupige hesabu

Mfuko wa urea ni kilo 50. Sehemu 46 kwa 100 ndiyo azoti, maana yake kilo 23. Ukitaka kuipa hektari moja kilo 100 za azoti kwa mwaka, unaomba mifuko zaidi ya 4. Kwa hektari zetu tatu ni karibu mifuko 13. Na mwaka kesho tena 13, na mwaka wa kufuata vilevile, kwa sababu urea haizai watoto.

Tena si yote itakayoingia katika majani. Urea iliyomwagwa juu ya majani mabichi, jua likiwaka, sehemu yake inarudi hewani. Ikinyesha mvua kubwa juu ya mteremko kama wetu, sehemu nyingine inateremka mpaka mtoni.

Upande mwingine, wataalamu wanakadiri kwamba leguminezi za malisho zinafunga karibu kilo 20 mpaka 25 za azoti kwa kila tani ya majani yake ikikaushwa. Kama hektari moja ikitoa tani tatu za leguminezi kwa mwaka, na hiyo si ndoto, ni kilo 60 mpaka 75. Kwa hektari tatu ni sawa na karibu mifuko 8 mpaka 10 ya urea. Hakuna lori lililoileta, na hakuna mzazi aliyeuza mbuzi juu yake.

Lakini tuseme kweli yote. Azoti hiyo haipiti siku ile ile kutoka maharagi kwenda kwa jirani yake. Inapita polepole: majani ya leguminezi yanaanguka na kuoza, mizizi na vifundo vinakufa, ng'ombe anakula na kukojoa palepale malishoni. Mwaka wa kwanza jirani anapata kidogo sana. Mwaka wa pili ndipo majani yanaanza kuwa kijani. Tena mwenye fedha ya kumwaga kilo 300 za azoti kwa hektari atatushinda kwa wingi wa majani, hatukatai. Lakini sisi hatuna fedha hiyo, wala hatuna ng'ombe wa kula majani hiyo. Tunatafuta maziwa ya wadogo zetu, na malisho ambayo itakuwa bado hai wakati wao watakapokuwa darasa la sita.

4. Somo la majani ya Ruzizi

Wengine wanafikiri kwamba mambo ya malisho ni elimu ya Wazungu na sisi hatuna sehemu. Si kweli! Iko namna moja ya brakiaria ambayo wataalamu wanaijua duniani kwa jina la Brachiaria ruziziensis. Jina hilo linatoka wapi? Linatoka Ruzizi, lile bonde lililo hapa chini ya milima yetu, kati ya Kongo na Burundi. Katika nchi nyingi wanaiita "majani ya Kongo". Mbegu yake ilisafiri mpaka Amerika ya Kusini, Asia na Australia, na watafiti wa CIAT katika Kolombia waliitumia kuzalisha brakiaria mpya za kuchanganya.

Brakiaria nyingine zilizotoka Afrika zilikwenda Brazil, na leo zinafunika mamilioni ya hektari. Miaka ya kwanza ilikuwa ajabu. Kisha sehemu kubwa ya malisho yale ilichoka: ng'ombe wengi, azoti haikurudishwa, udongo ukawa wazi. Ni ugonjwa ule ule wa hektari zetu tatu, lakini kwa ukubwa wa nchi nzima.

Katika Queensland, jimbo la Australia lenye joto, walipita njia ya leguminezi. Mwaka 1960 walitoa siratro, mmea wa kutambaa wa ukoo wa maharagi, uchanganywe na majani. Walikuwa pia na aina moja ya stilo iliyoenea katika malisho mengi. Halafu, katika miaka ya 1970, ugonjwa wa ukungu ulishambulia stilo ile na kuiharibu sehemu kubwa. Hapo tunajifunza mambo mawili: kwamba kazi hii inawezekana, na kwamba asiyepanda zaidi ya namna moja anajitafutia kilio.

Hata hapa kwetu si jambo geni. Katika mashamba makubwa ya mingazi na ya mipira ya Kongo, pueraria ilipandwa chini ya miti ili kufunika udongo na kuutajirisha. Milimani Kivu, kaliandra inapandwa katika mistari ya kuzuia mmomonyoko, na watu wanaikata kuwapa mbuzi, sungura na dende. Na jirani zetu wa magharibi ya Kenya, kwa kazi iliyoanzishwa na watafiti wa ICIPE katika miaka ya 1990, wanapanda desmodiumu katikati ya mahindi. Inafukuza vidudu vya kutoboa shina, inazuia lile jani baya la striga, kisha wanaikata kuwapa ng'ombe. Mmea mmoja, kazi tatu.

5. Wanaopinga wanasema nini

Rafiki yetu mmoja wa pedagojia alitucheka: "Ng'ombe anakulaka majani, hakulaka maharagi!" Kaka, mpeleke ng'ombe karibu na shamba la maharagi la mama yako, kisha uje utuambie.

Wengine wanaogopa kwamba tumbo la ng'ombe litavimba. Hofu hii ina msingi, kwa maana trefle ya nchi za baridi inaleta kweli ugonjwa huo. Lakini desmodiumu ina tanini, ule ukali unaosikika kama katika chai nzito, na ukali huo unazuia povu tumboni. Tena ng'ombe hatakula leguminezi peke yake, atakula imechanganywa. Lukena ndiyo inaomba akili, kwa sababu ina sumu inayoweza kuangusha manyoya ya mnyama akila nyingi kwa muda mrefu. Hatuiombi iwe chakula kikubwa.

Wengine wanasema, "Majani itafunika leguminezi na kuiua." Hapo wana haki. Majani ya nchi za joto yanakimbia sana kupanda juu, na leguminezi ikiwa changa inakosa jua. Anayetupa mbegu tu juu ya malisho ya zamani na kwenda kulala, atapoteza mbegu. Inaomba kulima mistari, kupalilia, na kukata majani inayofunika.

Neno la nne ndilo zito kuliko yote: udongo wetu. Udongo mwekundu wa milima yetu una asidi, na fosfori yake ni kidogo, tena imefungwa. Leguminezi bila fosfori inakaa kama mtoto asiyekua, na vifundo vyake havifanyi kazi. Basi tunajibu hivi: kama ni lazima shule inunue mfuko, inunue fosfati na kuacha urea. Mfuko wa fosfati unaamsha leguminezi, na leguminezi italeta azoti. Mfuko wa urea unalisha majani mvua moja, halafu unaomba ndugu yake. Na mbele ya kununua, tutumie majivu ya jiko la interna ambayo yanatupwa shimoni kila siku, na mifupa ambayo ikichomwa na kusagwa inatoa fosfori na chokaa.

Kwa urea yenyewe hatuna uadui. Kama mtu akitupa mfuko mmoja, tutashukuru na kuupeleka katika mahindi, kidogo kidogo, kando ya kila mche, na kuufunika kwa udongo. Kule utalipa.

6. Tunaomba nini

Kwa Bwana Prefe, kwa wazee wa komite, na kwa wazazi wetu, tunaomba mambo haya:

Kwanza, ile nyongeza ya franka isitishwe kwa misimu miwili ya mvua, ili jaribio lifanywe.

Pili, tuanze na hektari moja tu. Tutailima kwa mistari, nafasi ya jembe chache kati ya mstari na mstari, bila kung'oa majani yote. Tutapanda desmodiumu kwa vipande vya shina, maana inakubali hali ya milimani, na kaliandra kwenye mipaka. Stilo inapenda joto zaidi. Tutaijaribu mistari michache tu, lakini wenzetu wanaotoka bonde la Ruzizi waikumbuke kwa mashamba ya kwao. Pamoja na vipande vya desmodiumu tutaleta udongo kidogo kutoka pale ilipokwisha kukaa, ili Rhizobium wake wasafiri pamoja naye.

Tatu, na hili ndilo gumu: ng'ombe wasiingie katika hektari ile msimu wote wa kwanza. Hata siku moja! Hata kama mchungaji wa ng'ombe amechoka, hata kama ni siku ya mtihani. Tutawakatia majani kando ya njia na mtoni, kwa zamu. Na moto wa kiangazi ukatazwe, maana unaua leguminezi changa wakati majani yanaamka tena. Baadaye ng'ombe wataingia siku chache, watatoka, na malisho itapumzika. Desmodiumu iliyoliwa mpaka chini haiwezi kuamka.

Nne, samadi igawanywe. Bustani isichukue yote. Sehemu irudi malishoni kule ilikotoka.

Tano, kila kitu kiandikwe. Tutapima majani ya meta mraba moja, upande wenye leguminezi na upande usio nayo, tutakausha, tutapima kwa kilo. Lita za maziwa zitaandikwa kila asubuhi katika kaye ambayo kila mtu anaweza kusoma. Misimu miwili ikipita bila faida, kaye itasema, na neno la urea litasimama tena mbele ya mkutano.

Tunajua kuna watakaosema kwamba kungoja ni uvivu. Lakini ndugu, kumwaga mfuko ni kazi ya asubuhi moja. Kulima mistari, kupalilia, kukata majani na kubeba kichwani, kukataza ng'ombe mwenye njaa kupita ua, hiyo ni kazi ya mwaka mzima, na sisi ndio tunajitoa kuifanya. Tunachoomba kwenu ni ruhusa, majembe kumi, na subira.

Tena jambo hili linapita ua wa shule. Wazazi wetu wengi wana ng'ombe mmoja au wawili, au hawana tena kabisa, maana tangu vita vilivyoanza mwaka 1996 wanyama wengi wa Kivu waliporwa. Aliye na dende tano na mbuzi wawili hatanunua urea kwa ajili ya majani, hata siku moja. Na nafasi ya kulisha inapunguka, mashamba yanabanana na malisho, na magomvi ya ardhi tumeyaona yanafika mpaka wapi. Kila mtu akiweza kulisha wanyama wake vizuri katika kipande kidogo, hilo ni neno moja pungufu la kugombania. Mwanafunzi anayerudi kwao wakati wa likizo na mfuko wa urea amerudi na kitu kitakachokwisha. Anayerudi na vipande ishirini vya desmodiumu, vimefungwa katika jani bichi la mgomba, amerudi na malisho.

Walio na mawazo mengine, waandike katika namba ijayo. Tutasoma, na tutajibu.

Ni sisi,
Wanafunzi wa ufundi wa kilimo, darasa la tano